Fundi Viatu na Dawa ya Macho ya Mkewe

Kuna fundi viatu mmoja ambaye watu wamembandika jina la Gundi. Si kwa sababu ya kazi yake tu. Ukikaa kwenye benchi lake kusubiri kiatu, maneno yake yanakunasa, na kiatu kikishakuwa tayari bado huondoki. Anaongea huku anashona. Anaongea huku anagonga misumari. Misumari ikiwa mdomoni, anaongea kwa pua.

Kibanda chake kiko mbele ya nyumba yake. Ni chumba kimoja chenye dirisha pana linalotazama barabara. Ukutani viatu vimening'inia kwa kamba, na kila jozi ina namba yake kwa chaki. Namba Gundi anazijua sana, maana viatu vina namba. Herufi ndizo zilizomshinda. Aliacha shule akiwa darasa la kwanza, na tangu hapo yeye na herufi hupishana njiani bila salamu.

Lakini Gundi ana mke, na mke wake anasoma. Kila asubuhi huketi kwenye benchi, hufungua gazeti na kulisoma kwa sauti. Wateja hutulia. Gundi naye hutulia, jambo ambalo mtaa mzima huliona la ajabu. Ndiyo maana mke wake anaitwa Mama Gazeti.

Asubuhi moja Mama Gazeti alianza kuruka maneno.

"Hapo umeruka kitu, bibie," Gundi alisema.

"Umejuaje, na wewe husomi?"

"Sentensi imechechemea. Mimi mtu akichechemea najua tu."

Wateja walicheka. Mama Gazeti hakucheka. Alilisogeza gazeti karibu na uso, kisha akalikunja na kusema amechoka. Siku iliyofuata aligonga kigoda ambacho kimekaa mahali palepale kwa miaka kumi. Siku ya tatu alimwaga chai pembeni ya kikombe. Hapo Gundi alivua aproni, akafunga kibanda, akamshika mkono na kwenda naye hospitali.

Daktari wa macho alimpima kwa muda mrefu. Alimmulika ndani ya macho kwa taa, akamtia matone ya kupimia, akammulika tena.

"Mama ana presha ya macho," alisema. "Ndani ya jicho kuna maji. Msukumo wa maji hayo umezidi, nao unauumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Sehemu ya kuona iliyokwisha kupotea hairudi. Iliyobaki tunaweza kuilinda, mkitia dawa kila siku bila kukosa."

Gundi alisikia neno moja tu, "hairudi". Alimtazama mke wake, naye alikuwa ametulia na mkoba wake magotini.

Walikwenda kwenye dirisha la dawa. Mama Gazeti aliketi kwenye benchi la mbali, kwa sababu yale matone ya kupimia yalimfanya aone ukungu. Gundi akasimama kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, mtoa dawa alimpa kichupa cheupe, kidogo kama kidole gumba.

"Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni," alisema mtoa dawa. "Na kabla ya kuanza, baba, hiki kifuniko..."

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika. Pembeni ya Gundi alisimama bwana mmoja aliyevaa viatu vyeusi, na kiatu cha kushoto kilikuwa kimeachama. Soli imefunguka kuanzia kwenye vidole, inapigapiga sakafu. Gundi hawezi kuona kitu kama hicho akakiacha. Alikikagua, akakihesabia mishono, akakichagulia uzi.

"Umenielewa, baba?" mtoa dawa aliuliza.

"Nimekuelewa kabisa," alijibu Gundi. Na ni kweli alielewa, ila alikuwa ameelewa kiatu.

Jioni ile mke alikaa kwenye kiti, akainua uso. Gundi alifungua kifuniko, akaminya chupa. Hakikutoka kitu. Akaminya tena mpaka vidole vikatetemeka. Akaisogeza chupa kwenye taa na kuutazama mdomo wake.

"Haina tundu," alisema.

"Haina tundu kivipi?"

"Haina. Wamesahau kutoboa. Hizi kazi za haraka haraka ndivyo zilivyo."

"Karatasi inasemaje?"

Ndani ya boksi la dawa mlikuwa na karatasi. Ilikuwa na herufi ndogo kama mchanga. Mama Gazeti aliigeuza huku na huku, akairudisha.

"Sioni, mume wangu. Turudi kesho tukaulize."

"Tukaulize tundu? Mimi nimetoboa ngozi tangu sijaota ndevu, leo nikaulize tundu la kichupa?"

Akaenda kibandani. Akarudi na sindano yake nene ya kushonea viatu, ile yenye mpini wa mbao. Akaifuta kwenye aproni, na aproni yenyewe ina rangi ya viatu ya miaka saba. Akatoboa mdomo wa chupa mara moja, kwa mkono usiotikisika. Tundu lilitoka zuri sana, la kupitisha uzi wa buti.

Akaminya. Dawa ikashuka kwa mfululizo, ikajaza jicho, ikateremka shavuni mpaka shingoni.

"Nyingi hiyo," alisema mkewe.

"Dawa ikiwa nyingi si ndiyo vizuri? Lete jingine."

Basi ikawa hivyo asubuhi na jioni. Gundi alimshika mkewe kidevu kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama anavyoshika kiatu cha mtoto mchanga. Aliisogeza chupa mpaka mdomo wake ukagusa kope, ili dawa isikose njia. Alinyamaza kabisa. Alimtazama machoni. Kisha akamfuta shavu kwa kitambaa na kurudi kwenye viatu vyake, akiwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo.

Siku ya kumi na mbili chupa ilikwisha. Gundi aliitikisa sikioni, ikawa kimya. Mtoa dawa alikuwa amesema itatosha mwezi mzima, hilo alilikumbuka. Asubuhi yake mke aliamka na jicho la kushoto jekundu kama nyanya. Kope zilikuwa zimeshikana kwa usaha. Alichukua gazeti, akalitazama, akaliweka chini.

"Soma basi hata kichwa cha habari," Gundi alisema.

"Leo kichwa chenyewe sikioni."

Kwenye benchi palikuwa na wateja wawili. Walitazama chini. Gundi aliwarudishia viatu bila kumaliza, akafunga kibanda kwa mara ya pili mwezi ule. Njia nzima ya kwenda hospitali alijiambia kwamba dawa imekosea, au daktari amekosea, maana wazo jingine lilikuwa linamuuma mno.

Safari hii walipokelewa na muuguzi wa macho, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alilitazama jicho. Kisha akaomba aione chupa. Gundi akaitoa mfukoni.

Muuguzi aliigeuza, akautazama mdomo wake, akamtazama Mama Gazeti.

"Mama, nani ametoboa chupa hii?"

"Ilikuja hivyohivyo," alijibu Mama Gazeti.

Gundi aligeuka kumtazama. Miaka thelathini na moja ya ndoa, hakuwahi kumsikia akisema uongo. Hata wageni wasiotakiwa huwaambia ukweli. Na leo, mbele ya mtu wa hospitali, jicho limevimba, anadanganya kwa ajili yake.

"Haikuja hivyo, daktari," Gundi alisema. "Ni mimi. Nimeitoboa kwa sindano ya viatu."

"Mimi si daktari, baba, ni muuguzi. Na ahsante kwa kusema. Wengi hutoboa na hawasemi, nasi tunahangaika kutafuta tatizo liko wapi."

"Wengi?"

"Wengi sana. Wengine kwa pini, wengine kwa kisu. Kuna babu mmoja alitumia meno."

Gundi alitaka kucheka, akashindwa. "Lakini haikuwa na tundu, mwanangu. Naapa."

"Ni kweli. Haikuwa na tundu." Muuguzi alifungua droo, akatoa chupa mpya kwenye boksi lake. "Dawa ya macho hutiwa kwenye chupa mahali safi kabisa, pasipo na hata kijidudu kimoja. Kisha mdomo huzibwa, ili uchafu usiingie njiani. Tundu ni la kutobolewa na mwenye kutumia, siku ya kwanza. Sasa tazama ndani ya kifuniko."

Gundi alivaa miwani yake ya kazi. Ndani ya kifuniko, katikati, palikuwa na kimwiba cheupe cha plastiki.

"Kaza kifuniko mpaka mwisho," alisema muuguzi. "Kaza kabisa. Sasa fungua."

Gundi akakaza. Alisikia kitu kikikatika kidogo, tk. Akafungua. Mdomo wa chupa ulikuwa na tundu dogo ambalo alilitafuta kwanza ndipo akaliona. Muuguzi aliigeuza chupa juu ya kipande cha pamba, akaiminya taratibu. Tone moja likachungulia, likajaa, likaanguka. Moja tu.

Gundi alikaa na ile chupa mkononi. Yeye ni mtu wa mikono, na kazi nzuri akiiona huitambua.

"Kifuniko chenyewe ndicho sindano," alisema polepole. "Aliyewaza hivi ni fundi."

"Fundi hasa, baba. Na tundu lake amelipima. Jicho la mtu halibebi hata tone zima. Linalozidi humwagika shavuni. Jingine hupita kwenye kijitundu hapa, kwenye pembe ya jicho, likashuka puani na kuingia kwenye damu. Na dawa hii ikiingia mwilini kwa wingi hupunguza mapigo ya moyo." Akamgeukia Mama Gazeti. "Hujasikia kizunguzungu, mama?"

Mama Gazeti alitazama ukuta. "Kidogo."

"Kidogo cha tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu. Na jicho lilikuwa linachoma tangu wiki iliyopita."

Gundi aliweka chupa mezani. "Hukuniambia."

"Ningekwambia ungeogopa kunitilia."

"Sasa si bora ningeogopa? Bibie, nilikuwa naunguza macho yako kwa mikono yangu mwenyewe, na wewe umenyamaza?"

Mama Gazeti alivuta mkoba wake karibu. Alikuwa anaona haya, na alisema kwa sauti ndogo. "Wewe mchana kutwa unaongea na viatu vya watu. Hizo dakika mbili unanishika kidevu, unanyamaza, unanitazama mimi. Nikajua nikilalamika utaacha."

Muuguzi alianza kutafuta kitu kwenye droo, ingawa hakuna alichokuwa amepoteza. Gundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Macho yake nayo yalikuwa yamelowa, na si kwa dawa.

Daktari aliletwa, akampima mama tena. Aliwaambia wamewahi. Uchafu wa ile sindano na wa mdomo wa chupa uliokuwa ukigusa kope umeleta maambukizi, lakini bado hayajaingia ndani ya jicho. Angechelewa siku chache zaidi, maneno yangekuwa mengine. Alimwandikia matone ya kuua vijidudu kwa wiki moja, pamoja na ile dawa ya presha ya macho.

"Hizi mbili zisitiwe kwa pamoja," muuguzi alieleza. "Tia moja, subiri dakika tano, ndipo utie nyingine. Ukizifuatanisha, ya pili inaiosha ya kwanza na kuitoa. Haya baba, karibu hapa. Nataka nione unavyofanya."

Alimpa kichupa cha mazoezi chenye maji safi. Gundi alikishika.

"Mikono," alisema muuguzi.

"Mikono imefanya nini?"

"Itazame."

Gundi aliitazama. Kucha zilikuwa nyeusi kwa rangi ya viatu, na kidole kimoja kilikuwa na gundi iliyokauka. Alikwenda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni, na muuguzi akamrudisha mara mbili.

Alipomaliza, muuguzi aliendelea. "Mama ainue uso atazame dari. Vuta kope la chini taratibu, lifanye kijimfuko. Chupa ikae juu, isiguse kope, isiguse jicho, isiguse kidole chako. Minya tone moja. Limeingia, basi. Usiongeze la kusindikiza. Mama afumbe macho taratibu, bila kubana, kisha abonyeze hapa kwenye pembe, karibu na pua, kwa dakika mbili. Hapo dawa inabaki kwenye jicho, haishuki puani."

Tone la kwanza la Gundi liliangukia kwenye pua ya mke wake. La pili likaangukia kwenye nyusi.

"Huyu ndiye aliyetoboa ngozi tangu hajaota ndevu," alisema Mama Gazeti, macho juu.

"Wewe tulia. Kiatu hakisemi na fundi."

Tone la tatu liliingia. Muuguzi akapiga makofi kimyakimya. Kisha akampa kalamu.

"La mwisho. Siku unayofungua chupa, andika tarehe juu yake. Wiki nne zikipita, tupa, hata kama dawa imebaki. Na chupa hii ni ya mama peke yake. Jirani akiumwa macho, aje hapa, asije kwako."

Gundi aliitazama kalamu. Tarehe ni namba, na namba anazijua. Aliinama mezani, akatoa ulimi nje kidogo, akaandika siku na mwezi kwenye lebo ya chupa. Alipoinuka mkewe aliomba aone. Aliisogeza karibu na jicho lile zima.

"Imesomeka," alisema.

Wiki ile wekundu uliondoka. Kizunguzungu nacho kiliondoka. Gundi alinunua sabuni ya pekee kwa ajili ya kazi hiyo, na mteja aliyeigusa alikiona cha moto. Chupa ya mwezi ikatosha mwezi. Wateja waliosubiri kwenye benchi walisimuliwa habari ya kimwiba cha ndani ya kifuniko mpaka wakaijua kwa moyo. Mmoja aliyekuja kubadilisha kisigino aliondoka bila kisigino, amekimbilia nyumbani kuikagua dawa ya mama yake.

Baada ya miezi mitatu walirudi kupimwa. Mama Gazeti aliingizwa kwenye chumba cha mashine, Gundi akabaki nje. Hakuangalia kiatu cha mtu yeyote. Alikaa na mikono yake magotini, akitazama mlango. Muuguzi alitoka na karatasi.

"Presha imeshuka, baba. Imeshuka vizuri. Na tumepima eneo analoona, tukalinganisha na la siku ya kwanza. Hajapoteza kitu zaidi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lile la mwanzo halijarudi, na halitarudi. Lakini lililobaki lipo lote. Mkiendelea hivi, atakusomea gazeti mpaka umwombe apumzike."

Gundi aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kana kwamba anaisoma. Watu wa mtaani wasingeamini.

Mama Gazeti alipotoka, muuguzi aliwaingiza wote wawili kwenye chumba chake, akamkalisha mama na kumpa kile kichupa cha mazoezi. "Sasa ni zamu yako, mama. Siku baba akiumwa au akisafiri, dawa isikose. Kila mgonjwa ajue kujitilia."

Mama Gazeti alinawa mikono. Alilala kitandani kidogo kama alivyoelekezwa, akavuta kope, akaegemeza mkono wa chupa kwenye paji la uso. Akaminya. Tone moja, katikati. Akahamia jicho la pili. Tone moja, katikati.

"Mara ya kwanza," alisema muuguzi. "Sijawahi kuona."

"Mikono yangu haina maneno mengi," alijibu Mama Gazeti.

Gundi alicheka pamoja nao, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Alifurahi, tena sana. Mke wake anaona, na sasa hamhitaji mtu. Hilo la pili lilimchoma mahali ambapo hakupategemea. Njiani alitembea nyuma yake kidogo. Aliwaza zile dakika mbili za asubuhi na mbili za jioni, akaona siku yake imekuwa fupi.

Jioni ilipofika hakuinuka kibandani. Alijishughulisha na kiatu ambacho hakikuwa na haraka. Alisikia kiti kikivutwa ndani. Alisubiri asikie kifuniko kikifunguliwa. Hakusikia.

"Wewe fundi," mkewe aliita. "Saa imefika."

Gundi akaingia. Mama Gazeti alikuwa amekaa kwenye kiti chake, uso umeinuliwa kuelekea dari. Chupa ilikuwa mezani, imefungwa.

"Si umeshajua kujitilia mwenyewe?" Gundi aliuliza.

"Nimejua," alisema mkewe. "Kanawe mikono."